Uliza Ujibiwe: PhD unayo, meno unayajua, sasa hiyo postidoki ya nini?

Assalaam alaykum wasomaji. Mwezi uliopita niligusia tu hapa, mstari mmoja, kwamba kuna kazi inaitwa postidoki, ile anayofanya mtu aliyekwisha kupata PhD lakini hajashika kazi ya kudumu ya uhadhiri au utafiti, bas simu imejaa ujumbe. Wa Unguja, wa Pemba, na walioko nje wanaotusoma kwenye simu. Nimechagua wachache, hasa watu wa meno na wa maabara mana ndo upande nilikotoka mwenyewe, majina nimeyaacha na barua ndefu nimezikata, wenyewe mnisamehe.

SWALI: Dokta, mie ni daktari wa meno, shahada nilichukua Muhimbili, PhD nikamalizia nje, sasa nimerudi nipo kazini Chake. Profesa mmoja wa Ulaya tuliyekutana kwenye kongamano ananiita maabarani kwake kwa miaka 2, kazi yenyewe ni seli shina za ndani ya jino, zile seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyengine. Mke wangu anasema nenda, mama anasema nishasoma vya kutosha, bosi kazini hajasema kitu. Roho yangu iko huku na huku. Niende nisiende? (Kijana wa Machomanne)

JIBU: Mdogo wangu, tuanze na mama. Mama ana haki ya kuchoka, lakini aelezwe kwamba postidoki si skuli. Hakuna mtihani, hakuna joho, na ukimaliza hupewi cheti cha kutundika ukumbini. Ni ajira yenye tarehe ya kwisha. Unaingia asubuhi unafanya utafiti kwa fedha ambazo mara nyingi kaziomba mtu mwengine, unaandika makala, unawashika mkono wanafunzi wa PhD ambao profesa hana muda nao, kisha siku inafika mkataba umekwisha na dawati lako anakalia mwengine. Sasa wewe jiulize siku hiyo ikifika utakuwa umeshika nini mkononi ambacho ni chako, jina lako limo, na unaweza kupanda nacho boti ukarudi nacho Pemba.

Elimu yenyewe sikatai, ni tamu. Mwaka 2000 Gronthos na wenzake, pale kwenye taasisi ya taifa ya Marekani ya utafiti wa meno na uso, walionesha kwamba ile nyama ya ndani ya magego ya mwisho yanayong'olewa na kutupwa ina seli shina zinazoweza kujenga dentini, ile sehemu ngumu ya jino iliyo chini ya gamba la juu. 2003 watafiti wa hapo hapo wakazikuta pia kwenye meno ya utoto, yale yale tuliyokuwa tukiyarusha juu ya bati. Tokea hapo watu wamekuwa na tamaa ya kulihuisha jino lililokufa badala ya kulitoboa na kulijaza. Na tamaa hiyo ina sababu. Enameli, lile gamba gumu la juu, karibu asilimia 96 yake ni madini, na seli zilizolijenga zinakufa jino linapochomoza, kwahiyo mwili hauna fundi tena wa kulitengeneza. Ndani ya jino ndo bado kuna uhai wa kuuchezea, ndo mana maabara nyingi zimejazana huko.

Lakini utamu wa elimu usikufanye usione kazi ya kila siku ilivyo, kwasababu watu wakisikia maabara wanaona koti jeupe na hadubini tu. Seli zinakaa kwenye inkubeta nyuzi 37, hewa ya kaboni asilimia 5, kila siku mbili tatu lazima uzibadilishie chakula, na hazijui kama leo Idi au mtoto ana homa. Alafu kuna mikoplazma, kibakteria kidogo hata hakina ukuta wa seli, penisilini haikifanyi kitu na kwenye hadubini ya kawaida hukioni, unaweza ukafanya kazi miezi mizima kisha kipimo kikatoka kuwa seli zako zote zinacho, matokeo yote huna tena unayoweza kuyaamini. Unatupa, unasafisha, unaanza. Ukitaka kukata jino vipande vyembamba uone ndani kuna nini, halikatiki vile vile lilivyo, unaliloweka kwenye kemikali inayoitwa EDTA wiki kadhaa mpaka chokaa itoke. Na kama kuna kazi ya panya, kibali cha wanyama peke yake kinaweza kula nusu ya mwaka wa mwanzo. Hapo ndo utajua kuwa miaka 2 ni midogo kiasi gani.

Ndo mana kabla ya kusaini mwandikie profesa, tena kwa imeili si kwa simu, umuulize kazi utakayoikuta ishaanza au unaianza wewe, vibali vipo au bado, fedha za vifaa zimebaki za muda gani, nani atakuwa jina la kwanza kwenye makala, na ukiondoka unaruhusiwa kuondoka na kipande gani cha utafiti. Profesa mzima hakasiriki kwa masuala hayo, anayekasirika kashakujibu. Kisha, na hili naona lina uzito kuliko yote, watafute waliokuwa postidoki wake miaka mitano sita iliyopita. Majina yao yako kwenye makala zake, huhitaji kupeleleza. Wako wapi sasa? Wana maabara zao, wako viwandani, wamerudi makwao wakawa wahadhiri, au wanahama mkataba hadi mkataba? Zungumza na wawili kwa sauti, mana watu hawaandiki mabaya lakini wakizungumza utasikia wanavyovuta pumzi. Mie namjua profesa mmoja mwenye jina kubwa sana, tuzo ukuta mzima, wasaidizi wake anakutana nao mara mbili kwa mwaka. Jina kubwa la namna hiyo halikusaidii kitu, bora profesa wa kati anayesoma rasimu yako na kuirudisha imejaa wino.

La fedha: uliza ni ajira au ni stipendi. Sweden kwa mfano zote mbili zipo, na kwa macho zinafanana, hela inaingia kila mwezi. Lakini wa ajira anakatwa kodi na anaingia kwenye pensheni na likizo za uzazi na maradhi kama mfanyakazi yeyote, wa stipendi hakatwi kodi na hayo mengine pia kwa kawaida hana. Kama unakwenda na mke na watoto tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile tarakimu iliyoandikwa kwenye barua ya mwaliko. Bima ya familia iwe kwa maandishi.

Na la huku nyumbani. Bosi "hajasema kitu" maana yake huna ruhusa, usijidanganye. Omba likizo kwa barua, ijibiwe kwa barua, uweke nakala, watu wamerudi wakakuta nafasi zao zimekwenda na hawana hata karatasi ya kuonesha. Na kama profesa katika maneno yake matamu kakwambia njoo na meno kidogo ya wagonjwa wa Pemba, usitie kitu kwenye mkoba. Sampuli za watu wetu zinapita kwenye kibali cha maadili cha Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHRI, na mkataba wa kuzihamisha unaosema nani anazimiliki, zitatumika kwa nini na zinarudi lini. Bila ya hivyo siku moja utaona meno ya watoto wa Wete kwenye jarida na jina lako halimo, au limo kwa aibu.

Umeniuliza niende nisiende, bas mie ningekwenda. Kwa sharti moja, uende na swali lako la kwenu ndani ya kichwa, hata kama siku tano za wiki unafanya la profesa.

SWALI: Mwanangu wa kike kamaliza huo udaktari wa falsafa Marekani, tukamshukuru Mungu, tukasoma maulid. Sasa mwaka wa pili anasema yuko postidoki ya magonjwa ya fizi. Watu mtaani wananiuliza anasoma mpaka lini? Na mimi sijui niseme nini. Jee analipwa huyu au anatumwa bure? (Mama wa Mpendae)

JIBU: Bi mkubwa, shikamoo. Analipwa. Waambie ana kazi, ni mtafiti, na kazi yake hasa pengine ni kuwaandama bakteria kama Porphyromonas gingivalis, wale wanaokaa chini ya ufizi wakala mfupa unaolishika jino mpaka jino linalegea lenyewe bila ya tundu hata moja. Si kazi ndogo hiyo, wazee wetu wangapi wamekosa meno kwa maradhi haya wakidhani ni uzee tu.

Malipo yake inategemea chuo, lakini kule wengi wanaangalia kiwango cha taasisi za afya za taifa, NIH, ambacho kwa postidoki anayeanza mwaka 2024 kilikuwa dola 61,008 kwa mwaka. Naomba tu Bi mkubwa usiipige hesabu hiyo kwa bei za Darajani. Kodi ya nyumba katika miji yenye vyuo vikubwa inakula pengine nusu, na yeye hakwambii kwasababu hataki ukose usingizi.

Jambo moja muulize mwenyewe taratibu. Watafiti wengi wa nje wanaingia kwa viza ya J-1, na baadhi yao viza ile ina sharti la kurudi kwao kukaa miaka 2 kabla ya kuruhusiwa kubadilisha hadhi au kuomba ukaazi. Huwa imeandikwa kwenye viza yenyewe. Akijua mapema anapanga maisha yake, na hata nyinyi wa harusi mtajua mipango yenu mnaipeleka wapi.

SWALI: Dokta samahani suala langu la aibu kidogo. Nimesoma baiolojia, si mtu wa meno, nimepata nafasi kwenye maabara ya chuo cha nje inayotengeneza vitu vya kujenga mfupa wa taya. Kwenye mafunzo ya onlaini nimesikia tripsini ya kubandulia seli inatoka kwa nguruwe. Nimeshtuka. Mwenzangu ananicheka ati nimezidi. Jee nikatae kazi? Na jee bila ya kuwa daktari wa meno ntaonekana mtu pale? (Binti wa Micheweni)

JIBU: Hakuna aibu hapo, na aliyekucheka mwambie aje asome.

Ni kweli. Tripsini ya kawaida ya maabarani, ile unayoitia ili seli ziachie chombo ziliposhika, mara nyingi inatolewa kwenye kongosho la nguruwe. Na siyo hiyo tu. Seramu wanayolishiwa seli inatoka kwenye damu ya ndama ambao hawajazaliwa. Kwenye meno hasa kuna dawa inayoitwa Emdogain, ya kurudisha mfupa na nyama zinazolishika jino, protini zake zinatolewa kwenye meno machanga ya nguruwe. Mifupa ya kujazia taya kabla ya kutia implanti, yani ule msumari unaopandwa mfupani kushika jino la bandia, ipo ya ng'ombe, ipo ya nguruwe, na zile ngozi za kolajeni za kufunikia juu yake hivo hivo.

Sasa hukmu ya kuigusa kwa glovu maabarani, na hukmu ya kuitia kwenye kinywa cha mgonjwa, na lile suala la istihala, yani kitu kikishabadilika kikawa kitu chengine jee bado ni kile, hayo mie si wa kuyajibu. Waulize masheikh, ofisi ya Mufti ipo, na uwapelekee maelezo kamili ya kitu kinavotengenezwa siyo "kuna nguruwe maabarani" tu, mana jawabu inategemea suala limeulizwaje.

Ninachoweza kukwambia kama mtu wa maabara ni kwamba huna haja ya kukataa kazi kabla ya kuuliza. Zipo enzaimu zinazofanya kazi ya tripsini zilizotengenezwa na vijidudu, hazina mnyama ndani yake, zinauzwa na maabara nyingi zinazitumia kwasababu zao wenyewe zisizohusu dini, kwanza hazina hatari ya kuleta virusi vya mnyama, pili kila chupa inafanana na mwenziwe. Chakula cha seli kisicho na seramu pia kipo, ghali kidogo na baadhi ya seli hazikipendi. Mwandikie msimamizi kabla hujafika, kwa adabu, kwamba ungependa kutumia hizo, mwambie na sababu. Utashangaa, wengi wanasema sawa wala hawaulizi mara ya pili.

Na hapo hapo mie naona kuna utafiti wako mwenyewe umelala. Mgonjwa Muislamu anayejaziwa mfupa taya, huku kwetu au Jakarta au Cairo, jee anaambiwa umetoka kwa mnyama gani? Daktari anajua? Kitu kinachotengenezwa kwa ng'ombe au kwa samaki au kwa kemikali kinafanya kazi sawa sawa? Hayo ni masuala ya sayansi kabisa, yana majarida ya kuyachapa, na wewe una sababu ya kuyauliza ambayo jirani yako wa meza ya pili hana.

Kuhusu kutokuwa daktari wa meno usitie wasiwasi. Maabara hizi zimejaa watu wa baiolojia, kemia, uhandisi. Brånemark wa Sweden, ambaye implanti za titani tunazoziona leo kwa kiasi kikubwa zinatoka kwenye kazi yake, hakuwa daktari wa meno. Miaka ya 1950 alikuwa akitazama damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura kwa chombo cha titani, kazi ilipokwisha chombo hakitoki, mfupa umekishika. Mgonjwa wa mwanzo kutiwa meno kwa njia hiyo ilikuwa 1965. Utakachokosa wewe ni kujua mgonjwa anaumwa vipi, bas omba ukae kliniki siku moja kwa wiki uangalie tu.

SWALI: Mie nna leseni ya Zanzibar ya udaktari wa meno na nakwenda Uingereza kwenye postidoki. Jee jumamosi na jumapili naweza kufanya kliniki nikaongeza kipato? (Wa Mji Mkongwe)

JIBU: Hapana. Kushika jino la mtu Uingereza lazima uwe umesajiliwa na baraza lao la meno, na mtu wa shahada ya kwetu njia yake iliyozoeleka ni ule mtihani wa ORE, wa kuwapima madaktari wa meno waliosoma nje, sehemu mbili, foleni yake ni ndefu na pesa yake si ndogo. Postidoki haikupi leseni, hata ukiwa umechapa makala ishirini. Wala usikubali "nisaidie kidogo tu" ya rafiki mwenye kliniki. Tena kuna upande wa pili ambao watu hawaufikirii, miaka unayokaa maabarani mkono unapoa, kung'oa gego ni kazi ya mkono. Ukija likizo omba kukaa na wenzako kliniki.

SWALI: Niko mwaka wa tatu wa postidoki, kwetu Wete. Nataka kurudi, wallahi nataka, lakini nirudi kufanya nini? Mashine ninazotumia hapa hata Dar ni shida kuzipata. Wenzangu wananiambia nikirudi nimejizika. (Niliyechoka baridi)

JIBU: Hao wenzako wana nusu ya haki, tusiwafukuze. Ukitaka kufanya Pemba kazi ile ile unayoifanya huko, ya seli kwenye inkubeta, utaumia. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri inataka umeme usiokatika, na sisi wa Unguja hatujasahau Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kisiwa kizima kilivokaa bila ya umeme wa gridi, Pemba ndo kwanza mwaka huo 2010 mkavutiwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Sasa hali ni nzuri zaidi lakini jenereta lazima liwepo na mtu wa kuliangalia. Dawa za maabara zinakuja na barafu kavu inayoyayuka kuwa hewa njiani, mzigo ukilala bandarini siku chache umepokea maji ya uvuguvugu. Haya yote nayajua na sitaki mtu akudanganye.

Lakini nani kakwambia utafiti wa meno ni huo tu? Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken akifanya kazi na skuli ya meno ya Dar es Salaam, alikutana na tatizo ambalo wewe unalijua vizuri, vijijini hakuna umeme, mashine ya kutobolea jino haifanyi kazi, mtu akija na tundu anang'olewa bas. Wakaanza kukwangua sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono peke yake, kisha wanaziba kwa saruji ya meno inayoshika yenyewe na jino. Njia hiyo inaitwa ART, 1994 Shirika la Afya Duniani, WHO, likaipigia debe, na leo inafundishwa vyuo vya meno duniani kote hadi huko uliko wewe. Imetoka kwetu hiyo, na imetoka kwasababu vifaa havikuwepo. Kila nikiwaona vijana wetu wanaona haya kusema wanafanya utafiti "wa kijijini" nnawakumbusha hili, na ntaendelea kuwakumbusha mpaka wachoke na mimi.

Na mlango bado uko wazi. 2021 WHO ilitia kwenye orodha yake ya dawa muhimu vitu vya meno, dawa ya mswaki yenye floridi, hiyo saruji ya ART, na dawa ya majimaji ya madini ya fedha na floridi inayopakwa kwenye tundu, hakuna sindano, hakuna kutoboa, uozo unasimama. Ila pale ulipooza panageuka peusi kabisa na peusi pake hapatoki. Sasa niambie wewe, mama wa Konde atakubali mwanawe wa miaka minne awe na meno ya mbele meusi, au atasema bora ng'oa? Akielezwa na nani atakubali, na daktari au na mwalimu wa chuoni? Baada ya mwaka mmoja jino lile liko wapi? Utafiti huo hautaki friza ya nyuzi 80, unataka mtu anayejua meno, anayejua takwimu, na anayejua kukaa barazani na watu wa Konde bila ya mkalimani. Wa namna hiyo si wengi na wewe mmoja wao.

Wala Pemba si jangwa la utafiti. Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi ipo tokea 2000, inafanya kazi ya kichocho na minyoo inayosomwa dunia nzima. Majaribio ya dawa za ivermectin pamoja na albendazole kwa minyoo ya trichuris yalifanywa Pemba, Laos na Côte d'Ivoire, na yamechapishwa kwenye majarida makubwa. Wamefika hapo kwa kushirikiana na vyuo vya nje huku watu na sampuli wakiwa Pemba. Meno yanaweza kufuata njia ile ile. Kabla mkataba wako haujakwisha kubaliana na msimamizi kwamba kazi ya mashine nzito ibaki kwake, ya watu iwe kwako, na majina yote mawili yaonekane. Zungumza na SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, mapema kuhusu nafasi ya kufundisha, mwaka mzima kabla, nafasi za chuo hazifunguki kwasababu umeshuka kwenye boti. Na noma, yale maradhi yanayokula uso wa watoto wenye utapiamlo, Disemba 2023 imetiwa kwenye orodha ya WHO ya magonjwa yaliyosahauliwa, ishara kwamba watu wa fedha wameanza kukumbuka kuwa kinywa ni sehemu ya mwili.

Fedha za kuanzia tafuta ndogo ndogo. TWAS, ile akademia ya sayansi ya Trieste, Italia, wanafadhili watafiti wa nchi zetu, wakfu wa Humboldt wa Ujerumani wanafadhili watafiti wanaotoka nchi nyengine, na chama cha kimataifa cha utafiti wa meno, IADR, kina tawi la Afrika mashariki na kusini, jiunge japo uonekane jina. Usianze na ombi la mamilioni, hulipati na utavunjika moyo.

SWALI: Nna miaka 41, watoto watatu, PhD nimemaliza juzi juzi tu. Jee nimechelewa? (Mama Fuoni)

JIBU: Hujachelewa dada yangu. Ufadhili mwingi wa postidoki hauangalii umri, unaangalia miaka tokea upate PhD. Ule wa Marie Curie wa Ulaya ni miaka 8 baada ya PhD, na mapumziko kama ya uzazi yanatolewa kwenye hesabu ukiwa na ushahidi, kwahiyo karatasi za hospitali za watoto wako usizitupe. Sharti lao jengine, usiwe umeishi kwenye nchi unayoiomba zaidi ya miezi 12 katika ile 36 ya mwisho, na wewe uliyekaa Fuoni miaka yote hilo halikugusi. Dirisha lao kwa kawaida hufungwa Septemba, na kupata profesa anayekubali kukuandikia kunachukua miezi, kwahiyo imeili ya mwanzo itume wiki hii, iwe fupi, na mstari wa kwanza useme unataka kutafiti nini.